BSA Bantam iliyofufuliwa inauzwa: jinsi ya kuikagua kabla hujatoa pesa

Tangazo likisema pikipiki ya zamani ya Kiingereza, BSA Bantam, "imefufuliwa yote", uliza kwanza: yote ipi? Rangi ya kijani mpauko, kromu mpya na siti iliyoshonwa upya utaviona ndani ya dakika mbili. Krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), beringi zake na oili sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) za pande zote mbili huvioni kabisa, na huko ndiko pesa nyingi ilikolala. Bantam iliyopakwa rangi vizuri juu ya injini isiyoguswa ni pikipiki ghali kuliko ile chakavu ambayo mwenyewe anakubali kwamba injini haijafunguliwa.

Mwongozo huu umeegemea D1, ile ya sentimita za ujazo 123, kwa sababu ndiyo inayotangazwa sana. Mengi yanafaa pia kwa D3, D5 na D7.

Unanunua ipi hasa?

BSA walianza kuuza Bantam mwaka 1948 kutoka Birmingham. Mchoro wake ulitoka kwa DKW RT125 ya Ujerumani, uliochukuliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kama fidia. BSA waliugeuza kama sura kwenye kioo ili gia ikae mguu wa kulia, kama Waingereza walivyozoea. Mchoro huohuo ulizaa Harley-Davidson ya sentimita 125, pikipiki za Urusi, na YA-1 ya mwaka 1955, pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha. Fundi aliyezoea tustroku (injini za mapigo mawili) za Yamaha akifungua Bantam atajiona yuko kwa ndugu.

D1 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 52 na mwendo wa pistoni wa 58, na gia tatu. Za mwanzo hazina shokapu nyuma, fremu ni ngumu moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1950 zikaja zenye springi za kusimama wima pande mbili za ekseli ya nyuma. D3 ni sentimita 148, D5 ni 172, na D7 iliyodumu hadi mwaka 1966 ni 174. Zikafuata D10, D14/4 na mwishowe B175 iliyokoma mwaka 1971.

Kwa anayeishi Uingereza, ujazo huu una maana ya kisheria. Mwenye leseni ya muda na cheti cha CBT (mafunzo ya awali ya lazima) anaruhusiwa kuendesha hadi sentimita 125, kwa hiyo D1 anaipanda, lakini D7 haipandi hata kama kwa macho ni mtoto na mama. Mtego wenyewe ni huu: silinda na pistoni za modeli kubwa zinaweza kuwa zimefungwa kwenye pikipiki ambayo kadi bado inasema 123. Kama muuzaji anajisifu kwamba D1 yake "ina nguvu kuliko kawaida", muulize kipenyo cha pistoni. Pistoni ya kiwango cha D1 ni milimita 52, na silinda ikishachongwa (kupanuliwa kwa mashine) pistoni inaongezeka kidogo tu. Akikutajia 57, hiyo ni silinda ya D3.

Karatasi na namba

Fanya hili kabla hujapiga kiki hata mara moja, maana injini nzuri yenye karatasi mbovu ni mzigo. Omba V5C, yaani kadi ya usajili ya Uingereza, kisha soma namba ya fremu kwenye shingo ya usukani na namba ya injini kwenye kreki kesi (kasha la krenki). Zote mbili ziwe kama zilivyo kwenye kadi, herufi kwa herufi. V5C yenyewe inasema wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja tu mtu aliyeandikishwa kukitunza chombo. Ndiyo maana risiti ya mauziano yenye namba zote mbili, bei, tarehe na saini ni ya lazima.

Wauzaji wengine husema kwa fahari kwamba namba ya injini na ya fremu "zinafanana". Kwenye D1 hiyo si sifa. Kiwandani namba hizo mbili zilikwenda kila moja na mfululizo wake, hivyo zikiwa sawasawa kabisa, shuku kwamba mtu amepiga nyingine kwa nyundo. Pitisha kidole juu yake. Pale palipopigwa msasa pana ubapa na ulaini usiofanana na chuma cha jirani, na tarakimu zilizopigwa kwa mkono hupanda na kushuka. Rangi nene iliyojaa ndani ya tarakimu nayo inaficha, kwa hiyo beba tochi na umulike kwa ubavu, siyo moja kwa moja.

Kama pikipiki imevuka miaka 40 na haijabadilishwa kwa kiasi kikubwa katika miaka 30 iliyopita, haidaiwi ukaguzi wa MOT wa kila mwaka, na kodi ya barabara ni sifuri. Sifuri hiyo lakini haiji yenyewe: lazima chombo kiandikishwe katika kundi la magari ya kihistoria, na bado unaomba kodi kila mwaka hata kama hulipi kitu. Kukosekana kwa MOT maana yake hakuna jicho la tatu lililoitazama breki. Utakuwa wewe.

Fika injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema, kwa simu, asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, shika silinda kwa kiganja. Ikiwa ya uvuguvugu, kuna kitu alitaka ukikose: ama inawaka kwa shida ikiwa baridi, ama ina moshi wa kwanza asiotaka uuone. Kunywa chai, subiri saa nzima.

Wakati inapoa, au kabla ya kuiwasha kama ni baridi kweli, fanya kipimo ambacho hakina gharama na kinasema zaidi ya vyote. Fungua kifuniko cha oili ya giaboksi. Chovya kijiti safi, dondoshea tone kidoleni, kisha nusa na lisugue kati ya vidole viwili. Oili nzuri ni nzito na inanuka oili. Ikiwa nyepesi kama maji na inanuka petroli, oili sili ya krenki upande wa klachi imekwisha.

Kwa nini? Kwenye tustroku, pistoni ikishuka inasukuma mchanganyiko wa petroli na hewa ulio ndani ya kreki kesi, na ikipanda inavuta. Cheni ya ndani, klachi na giaboksi vya Bantam vinaoga oili moja, na kinachoitenganisha oili hiyo na kreki kesi ni sili ile. Ikichoka, petroli inasukumwa kwenye giaboksi, na oili ya giaboksi inavutwa ndani ya injini na kuungua. Matokeo yake ni moshi mzito wa bluu usioisha hata injini ikipata moto, plagi inayojaa uchafu mweusi, na giaboksi inayokauka polepole bila tone kuanguka chini. Mwenye pikipiki anajaza oili, anashangaa inakwenda wapi, halafu giaboksi inakufa. Kubadilisha sili yenyewe ni pesa kidogo. Ila kama sili hazijaguswa, tia shaka kwamba beringi za krenki nazo hazijaguswa, na hapo hesabu inabadilika.

Bado hujaiwasha. Zungusha injini hadi pistoni isimame karibu na juu kabisa, kisha tingisha sumaku ya magneto (mtambo unaotoa umeme wa cheche) juu na chini kwa mkono. Ukisikia inacheza, beringi kuu zimekwisha. Kucheza kidogo kwa kwenda ndani na nje si tatizo. Ni kule kwa juu na chini unakokutafuta.

Kuwasha na kusikiliza

1. Fungua petroli. Bonyeza kitufe cha kabureta hadi petroli ianze kuonekana, uache.
2. Funga choki. Throto (mkono wa kuongeza mafuta) ikiwa imefungwa, piga kiki mbili za taratibu ili kuvuta mchanganyiko ndani.
3. Fungua throto kidogo sana, piga kiki ya nguvu. Injini yenye afya inashika kwa kiki ya kwanza hadi ya nne.
4. Fungua choki polepole ndani ya nusu dakika.

Kiki ikiteremka bila ukinzani wowote, ringi au silinda imekwisha. Ikikwama katikati ya njia halafu ikaruka, meno ya gia ya kiki yameliwa.

Moshi wa dakika mbili za kwanza ni wa kawaida. Hii ni tustroku, na oili iliyotuama chini lazima iungue. Baada ya hapo ubaki ukungu mwepesi. Mlio wa kugongagonga mwepesi kama kijiko kwenye kikombe, unaosikika juu ya silinda na kupungua injini ikipata moto, ni pistoni. Mlio mkali wa kengele pale unapofunga throto ni bushi ya pini ya pistoni. Mgurumo mzito unaousikia zaidi kwa miguu kuliko kwa masikio ni beringi kuu au bigendi (beringi inayounganisha konrodi, mkono wa pistoni, na krenki). Huo wa mwisho ndio wa kukufanya urudishe pesa mfukoni, kwa sababu krenki ya Bantam imeshindiliwa kwa presi. Huwezi kubadili bigendi kwa spana nyumbani. Inatenganishwa kwa presi ya haidroliki, inafungwa konrodi na pini mpya, kisha inanyooshwa kati ya sehemu mbili za kuzungukia hadi kuyumba kwake kusizidi takriban milimita 0.05. Fundi asiye na vifaa hivyo ataipanga kwa macho, na itatetemeka hadi ivunje beringi mpya.

Sasa iache inguruma polepole. Ipe throto kidogo, kisha ifunge ghafla. Mzunguko ushuke mara moja. Ukining'inia juu sekunde kadhaa, au injini ikapanda yenyewe ikiwa moto, hewa inaingia mahali: gasketi ya kabureta, msingi wa silinda, au sili ya krenki upande wa magneto. Hewa ya ziada inafanya mchanganyiko uwe mkavu, pistoni inapata joto kupita kiasi, na siku moja inajishika katikati ya barabara au inatobolewa tundu juu. Wauzaji hulitibu tatizo hili kwa kurekebisha skrubu ya kabureta hadi isikike vizuri kwa dakika tano. Wewe iache ing'urume dakika kumi na tano.

Dakika hizo zina kazi ya pili. Magneto ya Wipac ina koili na kondensa zinazokaa ndani ya joto la injini. Zikizeeka, pikipiki inawaka vizuri asubuhi, inakwenda maili tano au kumi, kisha inazimika na kukataa kabisa hadi ipoe. Jaribio la dakika tatu uani haliwezi kukuonyesha hilo. Kama umeruhusiwa kuiendesha, iendeshe dakika ishirini, izime, ihesabie dakika mbili, uiwashe tena ikiwa moto. Ikikataa, chomoa plagi, iegemeze kwenye silinda na upige kiki: cheche nyembamba ya rangi ya chungwa, au hakuna kitu, ni koili au kondensa, cheche ya bluu inayopasuka, angalia petroli.

Usisahau gia ni mguu wa kulia na breki ya nyuma ni kushoto. Waliojifunzia pikipiki za Kijapani hukanyaga gia wakitafuta breki, na ukuta wa jirani ndio unaolipa. Muulize muuzaji pia mpangilio wa gia kabla hujaondoka.

Plagi, pointi na taimingi

Chomoa plagi baada ya safari. Rangi ya kahawia ya chokoleti ni nzuri. Nyeupe ni mchanganyiko mkavu. Nyeusi yenye mafuta ni oili nyingi au sili. Pima urefu wa uzi wake: kichwa cha silinda ni cha alumini na kinataka plagi ya uzi mfupi, milimita 12.7. Kuna watu hufunga ya uzi mrefu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dukani, na pistoni inaigonga. Angalia pia kama uzi wenyewe wa tundu haujalegea au kuzibwa kwa bushi iliyopindwa.

Kwenye D1 yenye Wipac, uwazi wa pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) ni inchi 0.015, yaani milimita 0.38, na pointi zianze kufunguka pistoni ikiwa milimita 4 kabla ya kufika juu kabisa. D7 ni tofauti, karibu milimita 1.6. Anayefunga D7 kwa taimingi ya D1 anapata injini inayogonga na kupata moto, na atalaumu petroli.

Silinda: swali moja la kuuliza

Muulize muuzaji: silinda imechongwa hadi saizi gani? Pistoni za saizi iliyoongezwa huenda kwa hatua, inchi 0.020, 0.040 na 0.060. Anayejua atajibu bila kufikiri na kukuonyesha risiti. Ikiwa iko kwenye 0.060, huu ndio mwisho wa chuma. Mchongo ujao utahitaji kuingiza slivu, yaani bomba jipya la chuma, ndani ya silinda. Si sababu ya kukataa, ni sababu ya kupunguza bei.

Chunguza nati kubwa inayofunga bomba la ekzosi kwenye silinda. Watu hutumia patasi na nyundo badala ya spana yake, mapezi yanavunjika na uzi unakufa, na ukishakufa ekzosi inavuja kila wiki.

Klachi na giaboksi

Klachi ya Bantam ina sahani zenye vipande vya koki (gome jepesi la mti, kama la vizibo vya chupa) ndani ya oili. Pikipiki iliyokaa miezi bila kutembezwa, sahani zinagandana na gia inaingia kwa kelele. Tingisha mara chache ikiwa moto, itaachia. Lakini ikiteleza kwenye kilima baada ya kurekebishwa kebo, koki zimeungua au zimeng'oka, na vipande vyake unaweza kuvikuta ndani ya oili. Sababu ya kawaida ni oili ya kisasa yenye viungo vya kulainisha msuguano. Giaboksi inataka oili ya kawaida ya SAE 40, takriban mililita 425. Hakuna zaidi ya hapo.

Cheni ya ndani haina mahali pa kukaza, kwa kuwa umbali kati ya sproketi umepangwa kwenye kesi yenyewe. Ikilegea inapiga kesi kwa ndani, mlio kama mnyororo kwenye ndoo. Dawa ni cheni mpya tu.

Fremu, magurudumu, tangi

Nyoosha uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele pande zote mbili. Ukiona uzi unagusa upande mmoja na kuacha nafasi upande wa pili, fremu au foku imepinda. Shika breki ya mbele, sukuma na vuta: mlio wa "tak, tak" unaousikia kwenye shingo ni beringi za usukani, ule wa chini ni bushi za foku. Kwenye zenye springi za nyuma, shika gurudumu la nyuma na ulivute kwa upande. Sehemu hizo zinakauka kwa kukosa grisi na kuliwa upande mmoja, na rangi mpya juu yake haizuii kitu.

Gonga kila spoku kwa bisibisi. Zote zitoe mlio unaokaribiana. Iliyo bubu imelegea. Tairi ziwe na tarakimu nne za tarehe: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi nzuri kwa macho lakini yenye miaka kumi na zaidi ibadilishe kabla hujaipanda kwa kasi.

Bolti zinasema mengi kuhusu aliyeifufua. BSA ilitumia nyuzi za Kiingereza, zisizolingana na za milimita. Ukiona bolti za milimita zimelazimishwa kwenye kreki kesi ya alumini, ujue nyuzi zilizobaki ndani zimechanwa.

Fungua kifuniko cha tangi, mulika. Kutu nyekundu yenye unga ni kazi ya siku moja. Utando unaobanduka kama ngozi ya nyoka ni mbaya zaidi: ni dawa ya kuziba tangi ya zamani inayoyeyushwa na ethanoli, na vipande vyake vitaziba kabureta safari hadi safari. Uingereza petroli ya kawaida tangu mwaka 2021 ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Bantam ipe E5, yenye hadi asilimia 5.

Kujadili bei

Usikosoe kwa jumla. Taja kitu na gharama yake: "sili upande wa klachi zimekwisha, petroli iko kwenye oili, nuse mwenyewe." Mpe kijiti. Muuzaji mwenye risiti za krenki, kuchonga silinda na sili anastahili bei yake karibu yote; mwenye risiti za rangi na kromu peke yake unamlipa kama injini haijafunguliwa, kwa sababu kwako ndivyo ilivyo. Akidai ilikuwa ya posta, mwombe ushahidi wa maandishi. Ni kweli posta ya Uingereza ilizitumia Bantam nyekundu kupeleka telegramu, lakini rangi nyekundu inauzwa kila duka.

Maili za kwanza

Mwaga oili ya giaboksi, weka mpya. D1 iliandikiwa petroli na oili kwa uwiano wa 20 kwa 1. Kwa oili nzuri ya kisasa ya tustroku, wengi hutumia 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa kila lita. Tangi la D1 linachukua karibu lita 8, basi ni mililita 320. Kama silinda imechongwa karibuni, rudi kwenye 20 kwa 1, mililita 50 kwa lita, kwa maili 500, na usikae na throto moja kwa muda mrefu. Kwenye mteremko mrefu usifunge throto kabisa ukiwa kwenye gia: oili ya injini hii inakuja na petroli, na ukikata petroli umekata oili wakati pistoni inazunguka kwa kasi. Fungua kidogo, au shika klachi.

Na ukifika nyumbani, funga petroli kabla ya kuzima, acha kabureta iishiwe yenyewe. Bantam iliyolazwa na petroli wazi hujaa kreki kesi usiku kucha, na asubuhi utapiga kiki hadi jasho likutoke.